Maji Kiasi Gani? Hesabu ya Unga na Maji kwa Anayeanza Kuoka Mkate wa Chachu

Najua wengi wenu mnasoma ukurasa huu mkiwa kati ya maktaba na kubeba boksi, kwa hiyo sitawazungusha. Somo la leo ni mkate. Ndiyo, mkate. Msishangae kuona mtu wa uhandisi kaingia jikoni. Mtaona wenyewe kwamba aliyezoea kuchanganya zege ameshajifunza nusu ya kazi ya muokaji.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipooka mkate wa chachu, nilikuwa nimeahidi kuuleta kwenye mkusanyiko wetu. Nilifuata maelekezo ya Kimarekani neno kwa neno: vikombe vitatu vya unga, kikombe kimoja na robo cha maji, chachu na chumvi. Donge likawa kama uji mzito. Nilipolitoa kwenye bakuli likatandaa mezani, na kwenye oveni likazidi kutandaa. Nilichopeleka siku ile kilikuwa kitu cha duara, kigumu, kimo chake vidole viwili. Kaka mmoja akauliza kama ni chapati ya msituni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni niliumia.

Nikampigia mama simu. Nikamuuliza, "Mama, wewe ukikanda unga wa maandazi unatia maji kiasi gani?" Akanijibu, "Mpaka unga ukubali, mwanangu."

Jibu hilo ni la kweli kabisa, ila lilikuwa halinisaidii. Mama anakisia, na makisio yake hayakosei, kwa sababu kwa miaka zaidi ya thelathini ametumia unga wa aina ile ile, bakuli lile lile na hali ya hewa ile ile. Mkono wake umeshajifunza. Sisi tuliovuka bahari tumebadilishiwa vyote kwa mpigo: unga mwingine, kikombe kingine, baridi nyingine. Kwa hiyo tusiseme "mimi sina mkono wa kupika". Tatizo ni kwamba kipimo cha nyumbani hakikusafiri pamoja nasi. Kinachosafiri ni uwiano, na uwiano ndilo somo letu la leo.

1. Kwanza, chachu ni nini?

Hamira ya dukani ni aina moja ya kuvu aliyekuzwa kiwandani. Chachu ni unga na maji vilivyoachwa vikachacha vyenyewe, ndani yake mkiwa na kuvu wa asili pamoja na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki. Kuvu hutoa hewa inayoumua donge, na bakteria huleta ule ukali kidogo unaoujua kwenye togwa au kwenye uji uliochachushwa. Waliokuwa huku Ulaya au Marekani mwaka 2020 wanakumbuka hamira ilivyotoweka madukani wakati wa korona, na watu wengi wakaanza kulea chachu kwenye makopo ya kioo.

Kuianzisha si kazi. Changanya unga gramu 50 na maji gramu 50 kwenye kopo safi, funika bila kukaza. Kila siku bakiza gramu 50 za mchanganyiko huo, uongeze unga gramu 50 na maji gramu 50. Baada ya wiki moja hivi, pengine mbili kama chumba ni baridi, itakuwa inapanda mpaka mara mbili ndani ya saa chache baada ya kulishwa. Hapo iko tayari. Kama mnatumia jiko la pamoja, andika jina juu ya kopo. Yangu ya kwanza ilimwagwa na jirani aliyedhani ni kitu kilichooza.

Kama chachu yako umekuwa ukiilisha kwa vijiko na hujui uwiano wake, usiitupe. Ukianza leo kuilisha kwa mizani kama nilivyosema, kila mlo unabakiza theluthi moja tu ya ile ya zamani. Baada ya milo mitatu imebaki sehemu moja katika 27. Kosa la zamani limekwisha kuoshwa.

2. Kikombe ni mwongo

Turudi kwenye chapati yangu ya msituni. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240. Maji hayana ubishi: mililita moja ni gramu moja. Kikombe kimoja na robo ni gramu 300, basi.

Unga ndio wenye matatizo. Ukiumwaga polepole ndani ya kikombe unapata gramu kama 120. Ukichota kwa kikombe chenyewe ukashindilia kidogo, unapata gramu 150 au zaidi. Sasa piga hesabu ya vikombe vitatu:

Aliyemwaga polepole: unga gramu 360, maji gramu 300. Gawanya 300 kwa 360, unapata asilimia 83.

Aliyechota na kushindilia: unga gramu 450, maji gramu 300. Gawanya 300 kwa 450, unapata asilimia 67.

Maelekezo ni yale yale, kikombe ni kile kile, lakini madonge ni mawili tofauti kabisa. La pili linakandika vizuri. La kwanza ni la fundi mzoefu, na kwa anayeanza ni balaa. Mimi nilikuwa yule anayemwaga polepole. Nilijiona mwangalifu, kumbe ndio nilikuwa najichimbia shimo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka bakuli juu yake, bonyeza irudi sifuri, tia unga. Rudisha sifuri tena, tia maji. Hata vyombo vya kuosha vinapungua.

3. Hesabu ya waokaji: unga daima ni 100

Hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa hiyo tuende taratibu. Waokaji hawapigi asilimia ya donge zima. Wanachukua uzito wa unga na kuuita 100, halafu kila kitu kingine kinapimwa dhidi ya unga huo. Mfano:

Unga gramu 500 (100)
Maji gramu 325 (65)
Chachu gramu 100 (20)
Chumvi gramu 10 (2)

Ukijumlisha asilimia unapata 187. Usishtuke, haujakosea. Hazitakiwi kufika 100 kwa sababu 100 ni unga peke yake. Walio kwenye ujenzi wanaijua hesabu hii. Kwenye zege tunapima maji dhidi ya saruji, hatuyapimi dhidi ya mzigo mzima wa mchanga na kokoto. Duff Abrams alionyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano huo wa maji kwa saruji. Maji yakizidi, zege linamwagika kwa urahisi lakini likikauka ni dhaifu.

Faida ya hesabu hii ni kwamba unaweza kupanua au kupunguza bila kubahatisha. Ukitaka donge la gramu fulani, gawanya kwa 1.87 upate unga, halafu vingine vinafuata.

Asilimia hizo za maji zinamaanisha nini mkononi? Kwa unga mweupe wa mkate:

Asilimia 55 hadi 60: donge gumu, karibu na la chapati. Linashika umbo vizuri, mkate unatoka umeshikana ndani.

Asilimia 65 hadi 68: laini, linanata kidogo tu, linakandika bila ugomvi. Anayeanza na aanzie hapa.

Asilimia 70 hadi 75: linanata mikononi. Huwezi kulikanda kama ulivyozoea. Unalivuta na kulikunja kwa mikono iliyolowa maji.

Asilimia 80 na kuendelea: linatiririka, linakaribia ule mchanganyiko wa mkate wa kumimina. Waitalia wanaooka ciabatta wanaliweza. Wewe bado.

Sababu ni hii. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji hushikana na kufanya wavu unaoitwa glutini. Wavu huo ndio unaokamata hewa ya chachu. Maji yakiwa machache, wavu unakuwa mgumu kutanuka na mkate unabaki umeshikana. Yakiwa mengi, wavu unatanuka sana na matundu yanakuwa makubwa, lakini usipokuwa umejengeka vizuri hauwezi kubeba uzito wake, na donge linatandaa. Kwa hiyo wale wanaosema maji mengi ndio ufundi wanawadanganya. Maji mengi ni chaguo la mtu ambaye mikono yake imeshazoea.

4. Chachu nayo ina maji yake

Fundi mzuri wa zege hasahau kwamba mchanga uliolala kwenye mvua una maji ndani yake. Asipoyahesabu, anaweka maji yote ya kwenye karatasi juu ya yale ya mchanga, na zege linalegea. Chachu ni mchanga uliolowa. Ile gramu 100 ya chachu, ikiwa unailisha unga na maji sawa kwa sawa, ni gramu 50 za unga na gramu 50 za maji.

Rudi kwenye mfano wetu sasa:

Unga wote: 500 + 50 = 550
Maji yote: 325 + 50 = 375
375 gawanya kwa 550 = asilimia 68

Karatasi ilisema 65, donge likasema 68. Kwa mzoefu tofauti hiyo si kitu. Kwa anayeanza, na hasa kama ametia chachu nyingi zaidi, ni tofauti ya donge linalokandika na donge linalong'ang'ania meza. Ukitaka 65 ya kweli, piga hivi: 0.65 mara 550 ni 357.5. Toa gramu 50 zilizomo kwenye chachu. Zinabaki 307.5, tuseme 308. Hayo ndiyo maji ya kumimina.

5. Unga na unga havilingani

Ukiwa hapa Uingereza, geuza mfuko wa unga usome protini kwa kila gramu 100. Unga wa kawaida wa keki na biskuti una gramu kama 9 hadi 11. Ule ulioandikwa "strong" una gramu kama 12 hadi 14. Wenye protini nyingi unakunywa maji zaidi na kujenga wavu imara. Mimi, kwa ubahili, nilikuwa nimenunua ule wa kwanza kwa sababu ulikuwa wa bei ya chini. Yaani niliutia maji ya asilimia 83 unga ambao hata 65 unaulemea.

Unga wenye pumba unakunywa zaidi ya mweupe, kwa sababu pumba hufyonza maji. Atta nao ni mnywaji mkubwa, kwa pumba zake na kwa jinsi unavyosagwa. Walioko Muscat na Dubai, au wanaonunua kwenye maduka ya Wahindi, wanaujua kutokana na chapati. Ukihama kutoka unga mweupe kwenda atta, ongeza asilimia 5 kwanza, uone, ndipo uongeze tena.

Lakini usiniamini mimi, wala usiamini mfuko. Fanya jaribio. Kwenye ujenzi tunajaza zege ndani ya koni ya chuma, tunainua koni, tunapima limeporomoka kiasi gani. Jikoni fanya hivi: chukua mabakuli matatu, kila moja gramu 100 za unga wako. La kwanza tia maji gramu 60, la pili 65, la tatu 70. Changanya, funika, acha nusu saa. Halafu yashike moja moja, yavute, yaweke kwenye sahani uangalie lipi linasimama na lipi linalala. Kwa gramu 300 za unga umepata jibu ambalo lingekugharimu mikate mitano. Na usitupe: yaunganishe, tia chumvi na mafuta kidogo, hizo ni chapati za chakula cha jioni.

Sasa ndipo utaelewa mama alikuwa anasema nini. "Mpaka unga ukubali" ni jaribio hili hili, ila yeye analifanya kwa vidole, bila mabakuli.

6. Ni maji au ni muda?

Kosa hili limewakatisha tamaa wengi. Donge limelegea, mtu analaumu maji, mara ya pili anapunguza, linalegea tena, anaacha kabisa. Mara nyingi maji hayana hatia. Donge likiumuka kupita kiasi, asidi na vimeng'enya hukata ule wavu wa glutini, na donge lililokuwa zuri linageuka kuwa tepetepe.

Namna ya kutofautisha ni rahisi: jiulize lililegea lini. Kama lilikuwa tepetepe tangu nusu saa ya kwanza, ni maji, au unga dhaifu. Kama lilianza vizuri, likashika umbo, halafu saa kadhaa baadaye likalegea na kunuka ukali mwingi, ni muda. Punguza muda, usiguse maji.

Na muda unafuata joto. Donge linalohitaji saa nne au tano kwenye joto la nyuzi 25 linaweza kuhitaji saa nane au zaidi kwenye chumba cha nyuzi 18, yaani chumba cha mwanafunzi anayeogopa bili ya gesi. Angalia donge, usiangalie saa ya ukutani.

7. Mkate wako wa kwanza

Unga wa mkate gramu 500, maji gramu 308, chachu iliyopanda gramu 100, chumvi gramu 10.

Changanya unga na maji, lakini bakiza kando gramu 25 za maji. Donge litakuwa gumu, ni sawa. Funika, acha nusu saa.

Tia chachu na chumvi, kanda dakika tano. Likiwa bado gumu, ongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo. Kuongeza maji ni rahisi, kuyatoa haiwezekani.

Kila nusu saa, mara nne, vuta kila upande wa donge na ulikunje katikati. Halafu liache mpaka liongezeke kwa nusu au zaidi kidogo.

Liviringe, liweke kwenye bakuli lenye kitambaa kilichonyunyizwa unga. Acha saa moja au mbili, au liweke kwenye friji usiku kucha.

Pasha oveni nyuzi 230, ndani yake mkiwa na sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko. Tia donge kwa uangalifu, lichane juu kwa kisu kikali. Dakika 20 likiwa limefunikwa, dakika 20 hadi 25 bila mfuniko, mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea.

Subiri saa moja kabla ya kukata. Najua harufu itakutesa. Subiri.

Andika kwenye daftari: unga gani, maji gramu ngapi, joto la chumba, saa ngapi, mkate ulitokaje. Mara ya pili badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, ukifaulu hutajua kwa nini, na ukishindwa vile vile.

Maswali ya kujipima

(a) Unga gramu 400, maji gramu 280, tukiacha chachu pembeni. Asilimia ya maji ni ngapi?

(b) Unga gramu 600, maji gramu 390, chachu gramu 120 ya sawa kwa sawa. Asilimia ya kweli ni ngapi?

(c) Unataka donge la gramu 1,122 kwa uwiano wa 100, 65, 20 na 2. Utapima nini na nini?

Majibu

(a) 280 gawanya kwa 400 ni asilimia 70.

(b) Unga wote 660, maji yote 450. Jibu ni asilimia 68.

(c) 1,122 gawanya kwa 1.87 ni 600. Kwa hiyo unga 600, maji 390, chachu 120, chumvi 12.

Nimalizie nilipoanzia. Mkate wa nne niliooka kwa mizani ndio uliosimama. Niliupeleka kwenye mkusanyiko bila kutangaza, nikauweka mezani karibu na mchuzi wa samaki, nikakaa kimya. Yule kaka wa chapati ya msituni alikata kipande cha tatu ndipo akauliza umenunuliwa duka gani.

Nikampigia mama tena kumpa habari. Akaniuliza, "Ulitia maji kiasi gani?" Nikamwambia gramu 308. Akacheka sana, akasema, "Basi ndo unga umekubali."

Kila la heri katika masomo na mitihani, ndugu zangu. Atakayeoka na alete kipande kwenye mkusanyiko ujao, hata kama kimetandaa. Tutakipima pamoja.